Je, kuitwa “mbara” ni tusi?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Nairobi na nimehamishiwa kazi Mombasa. Mama mwenye nyumba ninayopanga hunitambulisha kwa majirani akisema, “Huyu ndiye mbara wangu.” Wenzangu kazini nao husema “nyinyi watu wa bara.” Je, ninatukanwa? Na nikiandika, nitumie lipi kati ya hayo mawili?

Jibu: Hutukanwi, ndugu msomaji. Hilo “wangu” alilolipachika mama mwenye nyumba lingekutosha kukutuliza. Hao wa kazini wanaoanza na “nyinyi” ndio wa kuwasikiliza vizuri, maana neno hili halina uzito mmoja.

“Bara” limetokana na Kiarabu *barr*, nchi kavu, kinyume cha *bahr*, bahari. Ni neno la mtu aliye majini au kisiwani akiitazama nchi kwa mbali. Kwa Mzanzibari, bara ni Tanzania yote iliyo ng’ambo, hata Dar es Salaam iliyokaa ufukweni; ndiyo maana klabu za Dar hucheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara na hakuna anayeshangaa. Kenya tumelipinda kidogo. Kwetu bara haikabiliani na visiwa, inakabiliana na pwani. Mtu wa Malindi hakai kisiwani, lakini ukimwita mbara atakucheka. Mpaka wenyewe hauna kibao: Voi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka maji ya chumvi, na bado ilikuwa katika Mkoa wa Pwani.

Mgawanyo huo haukuwa wa midomoni tu. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895, ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulibaki kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1920 nchi ya ndani ikawa Koloni la Kenya na ukanda ule ukawa Himaya ya Kenya, zikitawaliwa pamoja lakini kwa hadhi mbili. Sultani aliuachilia mwaka 1963, uhuru ulipokaribia. Kwa hiyo mzee wa Mji wa Kale akisema “bara” kama anayeitaja nchi ya pili, hatii chumvi sana.

Jambo linalonifurahisha kuhusu jina hili ni kwamba hakuna anayezaliwa nalo. Hapa Nairobi hakuna mbara hata mmoja. Kuna Mkamba, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo, Mkisii, na kila mmoja atakueleza kwa kirefu kwa nini yeye si yule mwingine. Wapakie kwenye basi la usiku. Wakishuka Mwembe Tayari, Mombasa, alfajiri, wote ni wabara. Wanasiasa wetu wamehangaika miaka mingi bila kuupata umoja wa namna hiyo.

Wala si mara ya kwanza watu wengi kukusanywa chini ya jina walilopewa na watu wa mjini. Kabla ya wabara kulikuwa na Wanyika. Nyika ni ile nchi kame ya vichaka iliyo nyuma ya pwani, na Waswahili wa mijini walilitumia jina hilo kwa Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waduruma na jirani zao. Wamishenari Krapf na Rebmann, waliofungua kituo Rabai mwaka 1846, walilichukua vivyo hivyo, hata kamusi yao iliyochapishwa 1887 ikaitwa ya Kinika. Wenyewe hawakulipenda, ni nani apendaye kuitwa mtu wa vichakani? Katika miaka ya 1940 jina Mijikenda, yaani miji tisa, likashika, na leo ukimwita mtu Mnyika utakuwa umemdharau. Sasa ajabu ni hii: wajukuu wa walioitwa Wanyika ndio leo, pamoja na Waswahili, wapwani wanaomwita mgeni kutoka Nairobi mbara.

Je, “mbara” nalo litaelekea huko? Sidhani, kwa kuwa bara si neno la dharau kama nyika. Linataja upande tu. Zamani mtu wa ndani aliitwa mshenzi, na hilo halikuwa na upole wowote. Lakini siasa imelitia neno letu makali mara kadhaa. Katika fujo za Likoni, Mombasa, za Agosti 1997, watu wa asili ya bara ndio waliolengwa, wakauawa na kufukuzwa majumbani mwao. Aliyeishi Likoni mwaka ule halisikii neno hili kama unavyolisikia wewe. Basi lipime kwa kinachofuata. “Wabara wanapenda ugali” ni utani, mjibu kwa utani. “Wabara wametumalizia ardhi” ni madai, na hapo jina halielezi tena utokako bali linakuweka kwenye kundi la washtakiwa.

Kuhusu kuandika: katika habari, ripoti au insha, tumia “mtu wa bara” au “wakazi wenye asili ya bara.” “Mbara” na “wabara” yaache kwenye mazungumzo na hadithi, kwa herufi ndogo, maana si kabila. Pia tunasema “ameenda bara,” si “ameenda barani.” Hilo la pili lina kazi yake nyingine, kama katika “barani Afrika,” na ukimwambia mama mwenye nyumba kwamba Krismasi utaenda barani, huenda akakuuliza ni lipi.