Nauza IST ninunue Benzi, na mke wangu hajui

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, nina mke na watoto wawili, tunaishi Goba hapa Dar. Nafanya kazi ofisini mjini, mshahara unaoingia mkononi ni milioni moja na laki mbili. Naendesha IST namba D, haijawahi kunilaza njiani. Sasa nimepata Benzi S320 ya 2001, nyeusi, viti vya ngozi, mwenyewe anataka milioni 13 tu. Shangazi, baba yangu alikuwa dereva wa bosi wa shirika moja la umma miaka ya tisini, alikuwa anaendesha Benzi, siku moja tu ndo alinipandisha akanikalisha kiti cha nyuma tukazunguka mtaa mzima, mpaka leo harufu ya ile gari naikumbuka. Hesabu yangu nauza IST milioni 9, nachukua milioni 4 kwenye hela tuliyoweka ya bati, nyumba yetu ipo kwenye lenta. Dalali nimeshampa laki tano ya kushikia. Mke wangu hajui, nilitaka iwe sapraizi. Niendelee au niache?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika pale kwa baba yako nasimama kidogo.

Nianze hapohapo maana wengi utakaowauliza watapapita mbio. Kutamani hiyo gari sio ujinga na wala sio kujionyesha. Nchi hizi zetu Benzi haikuwa gari tu, ilikuwa ni aina ya watu, mpaka tukawatungia na jina kabisa, Wabenzi, na baba yako alikaa humo ndani miaka yote funguo zikiwa mfukoni mwake lakini gari sio yake, asubuhi anaiosha, anaipiga polishi, anamfungulia bosi mlango, jioni anairudisha na yeye anapanda daladala kurudi nyumbani. Mtoto aliyeyaona hayo halafu akakua akataka kukaa kwenye kiti kile kwa hela yake mwenyewe, mimi namwelewa, tena namwelewa sana. Kwa hiyo ninayokwambia huku chini sikwambii kwa kuidharau ndoto yako.

Ila kuna kitu hakipo kwenye barua yako. Umeniandikia bei ya Benzi, bei ya IST, hela ya bati, laki tano ya dalali, vyote vipo. Hujaniandikia siku ya pili baada ya kuinunua utakuwa umebaki na shilingi ngapi. Nimekupigia hesabu mwenyewe hapa, jibu ni sifuri, na nyumba haina bati.

Mdogo wangu wa mwisho ana gereji Tegeta, gari za Kijerumani ndo kazi yake, jana nimemkalisha karibu saa nzima nikamsomea barua yako bila kumtajia jina. Akaniambia dada, hiyo gari bei yake imeshuka kwa sababu imezeeka, lakini spea zake hazijui kama gari imezeeka. Hapo ndo pa kupaelewa vizuri mwanangu. Ilipotoka kiwandani kule Sindelfingen, Ujerumani, ilikuwa gari ya watu wanaoendeshwa na dereva, na kila kilichomo ndani kilitengenezwa kwa mtu wa namna hiyo, sasa wewe unainunua kwa bei isiyofika hata ya IST mbili za mkononi lakini ikiharibika inataka kutibiwa kama bado ni ya yule bosi.

Hiyo S320 ni ile mafundi wanaiita W220, ilianza 1998 ikaisha 2005. Haina springi kama za IST yako. Imekaa juu ya mifuko ya upepo minne, kila tairi na mfuko wake, na kuna kompresa inayojaza ule upepo, mfumo wenyewe unaitwa Airmatic. Ukiwa ndani unahisi kama barabara imetandikwa godoro, hilo dalali ameshakuonyesha najua. Asichokuonyesha ni kwamba ule mpira wa mfuko unazeeka, joto letu na vumbi na yale makorongo ya barabara za mitaani za Goba unazijua mwenyewe, unaanza kupata nyufa ndogo hata jicho halioni, upepo unatoka polepole usiku kucha, na kompresa inabaki kufanya kazi kila saa kufidia mpaka nayo inaungua. Ndo maana unakuta mtu kabadilisha mfuko mmoja mwezi huu, mwezi ujao kompresa, mwezi wa tatu mfuko wa upande wa pili. Wengine wanachoka wanatoa mifuko yote wanaweka springi za kawaida, sawa gari inatembea, lakini ile uliyoipenda ndo imeshaondoka hivyo.

Injini yake nisiisingizie, ni nzuri. Mdogo wangu anaisifu, V6 ya lita 3.2, wanaiita M112, ukiitunza inakwenda mbali. Lakini ina silinda 6 na plagi 12, yaani mbili kila silinda, na kila ukimwaga oili unaweka lita 8 wakati IST yako haifiki hata 4. Ina sensa moja ya kwenye krenki inayopenda kufa injini ikichemka, gari inazima katikati ya foleni, unakaa nusu saa ipoe inawaka tena kama vile hakuna kitu, na ukiangukia kwa fundi wa kubahatisha atakubadilishia pampu ya mafuta, atakubadilishia koili, hela yako yote imeisha ndo anafika kwenye sensa. Gia boksi nayo kuna plagi ya waya inayovuja, mafuta yanapanda ndani ya waya wenyewe mpaka yanaikuta kompyuta ya gia, kitu kinachoanza na kiringi cha mpira cha hela ndogo kabisa, ukichelewa unanunua kompyuta.

Halafu mafuta. Goba mpaka mjini, kwenda na kurudi kazini, tuchukulie ni kama kilometa 40, siku 26 hiyo ni kilometa 1,040 kwa mwezi. Hiyo Benzi kwa foleni ya Dar ukipata kilometa 6 kwa lita mshukuru Mungu, IST hapohapo inakupa 12. Tuchukulie lita moja ni shilingi 3,000, maana bei za EWURA zinapanda na kushuka kila mwezi. Benzi itataka karibu laki tano na elfu ishirini, IST laki mbili na elfu sitini. Kwa mshahara wako hiyo Benzi inakula karibu nusu, na hapo haijaharibika kitu chochote.

Sasa nikuambie ya kwangu. Marehemu mume wangu alinunua gari ya namna hiyo, jina la kampuni tuliache, kubwa, nzuri, ya mtu aliyekuwa anahama nchi. Wiki ya kwanza tulikwenda nayo kanisani watu wote wakatoka nje kutuangalia na mimi nilifurahi, siwezi kudanganya nilifurahi sana. Ilipoanza kusumbua hakuniambia. Alikuwa anatoka asubuhi na hela anarudi usiku kimya, anasema kazini kumekuwa kugumu, na mimi nikawa nawaza mengine kabisa, nikawa nawaza mwanamke. Nimekuja kujua siku mtoto wetu wa pili aliporudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, ada ambayo mimi nilijua imelipwa. Ilikuwa imelipwa, lakini imelipwa gereji. Ile gari ilikaa juu ya mawe chini ya mwembe wetu miaka mitatu, mwisho tuliiuza vipandevipande. Gari niliisahau. Kilichonichukua muda mrefu ni zile jioni alizokuwa anakaa mbele yangu anakula huku amebeba kitu kizito vile peke yake na mimi nipo hapo hapo.

Ndo maana neno sapraizi kwenye barua yako limenishtua kuliko hata hiyo mifuko ya upepo. Mwanangu, sapraizi ni kitenge, ni keki, ni kumpeleka mama watoto Bagamoyo Jumapili. Hela ya bati sio yako ya kufanyia sapraizi, mmeiweka wawili, na nina uhakika kuna vitu amejinyima kwa ajili ya hiyo hela ambavyo wewe huvijui hata. Ukifika nyumbani na gari nyeusi ya viti vya ngozi, yeye hataona gari, ataona bati zimepaki getini.

Kwa hiyo jibu langu: hiyo S320 usinunue, kwa hela hiyo na kwa sasa. Mdogo wangu ana utaratibu wake, anasema ukinunua gari ya aina hii kwa 13 uwe na nyingine kama 6 pembeni isiyo na kazi nyingine yoyote, sio ya ada, sio ya bati, sio ya kukopa kikoba, inakaa tu inaisubiri gari. Wewe huna hiyo 6. Siku ukiwa nayo tutaongea upya na sitakukataza.

Laki tano iombe irudi, kwa adabu, umwambie mambo ya familia yameingiliana. Kama mliandikishana vizuri utaipata, kama mlipeana tu mkononi inawezekana isirudi. Isiporudi iache iende. Itakuuma, lakini usije ukanunua gari ya milioni 13 kwa ajili ya kuifuata laki tano.

Na dalali najua atakugeuzia, atakwambia basi kama S ni kubwa chukua E-Class, W211, ya 2003 au 2004, ndogo, haina gharama. Uwe macho hapo. Za miaka hiyo zina breki za umeme wanaita SBC, na pampu yake ina kompyuta inayohesabu kila unapokanyaga breki, ikifika kama mara laki tatu inakuwashia taa nyekundu inataka pampu nyingine, sasa piga picha foleni ya Mwenge kwenda Ubungo unakanyaga breki mara ngapi kwa siku moja. Mercedes wenyewe waliziita gari hizo kurudi kukaguliwa 2004 na tena 2005, na 2006 wakautoa kabisa mfumo huo kwenye E-Class. Mwingine atakwambia chukua Brevis hiyo ni Toyota haiwezi kukutesa, nayo angalia, injini zake za D-4 zina pampu ya mafuta ya presha kubwa ikigoma utauliza mafundi wangapi, na ulaji wake wa mafuta watu wa Dar wanaujua.

Mimi ningekuwa wewe ningebaki na hiyo IST, bati zipande kwanza. Baada ya hapo kama unataka tu gari ndefu iliyotulia, tafuta Toyota Mark II GX 110 yenye injini ya 1G, silinda sita, inatembea kimya, kila fundi anaijua na spea Kariakoo zimejaa. Kama roho inataka Benzi na sio kitu kingine basi tafuta W124, zile za kati ya 1985 na 1995, ya springi, kompyuta chache, mpaka leo zipo zinatembea. Za mwishomwisho, 1993 mpaka 1995, mwambie fundi afungue aangalie waya za injini, maana plastiki waliyotumia inamomonyoka yenyewe waya zinabaki uchi. Na nina hisia hiyo ndo inayofanana zaidi na ile aliyokupandisha baba yako kuliko hii ya 2001.

Siku hiyo ikifika usinunue gari ya upepo au ya springi mchana ikiwa imeshawashwa inanguruma. Nenda asubuhi mapema injini ya baridi. Kama ina mifuko ya upepo omba ipaki tangu jioni, pima kwa vidole nafasi kati ya tairi na mdomo wa bodi pande zote nne, asubuhi pima tena. Ipimwe kwa mashine ya Benzi yenyewe sio ile ndogo ya kuchomeka ya elfu thelathini. Kadi ya gari jina liwe la anayekuuzia, na umiliki ubadilishwe TRA kabla hela ya mwisho haijatoka mkononi mwako. Na umchukue baba yako mwende wote kama bado ana nguvu ya kutoka. Mtu aliyekaa nyuma ya usukani wa gari hizo miaka yote hiyo anasikia vitu ambavyo mashine haisomi, na sijui kama kuna mtu amewahi kumuuliza maoni yake kuhusu Benzi ya kununua.

Mkeo mwambie leo, usisubiri wikiendi. Mwambie yote, na laki tano, na ya baba yako na kile kiti cha nyuma, maana nahisi hilo la kiti hujawahi kumwambia. Atakasirika, mwache akasirike, usijitetee kwa bei kwamba ilikuwa rahisi. Dalali akipiga simu jioni mwambie utampigia wewe, kata, halafu kaeni watoto wakishalala.