Gundi Isubiri

Kolaji yangu ya kwanza ya dhahania, yaani picha ya vipande vya karatasi vilivyobandikwa isiyokusudiwa kuonyesha kitu halisi, niliimaliza kwa saa moja, na haraka yenyewe ilionekana. Vipande karibu vyote vilikuwa na ukubwa mmoja, rangi saba zikigombana, na katikati jicho la mwanamke nililolikata kwenye jarida kwa kuwa lilinivutia. Kila aliyeitazama aliniuliza: huyu mama ni nani?

Uso, mkono au neno linalosomeka humeza vyote vilivyo jirani. Ukilitaka kwa rangi yake, lipindue au lichane mpaka libaki umbo tu.

Siku hizi gundi naitoa mwisho kabisa. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, uzeeni mwake baada ya upasuaji wa mwaka 1941, alikata karatasi zilizopakwa rangi na wasaidizi wake wakazishikiza ukutani kwa pini, zikahamishwa tena na tena hadi aridhike. Mimi sina msaidizi, nina simu. Napanga vipande bila kubandika, napiga picha, nahamisha, napiga nyingine. Kisha picha hizo nazigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, na hapo ndipo rangi huumbuka: nyekundu na kijani nilizodhani zinapingana vikali mara nyingi hugeuka kijivu kilekile. Ukiona kijivu kitupu, usiongeze rangi. Tafuta kipande cheusi hasa na kingine cheupe hasa, halafu tazama tena.

Kuhusu ukubwa sina subira na usawa: kipande kimoja kitawale, vichache vimfuate mkubwa wao, na vidogo viwe vya kuhesabika. Acha na mahali patupu. (Hapo ndipo mkono huwasha kuongeza kitu. Kanywe chai kwanza.)

Kingo nazo zina lugha yake. Mkasi hutoa ukingo mkali. Ukichana kwa mkono karatasi iliyochapishwa, kipande unachokivuta kuja kwako hubaki na mstari mweupe, kile cha upande wa pili hakibaki nao. Basi chagua unataka kipi. Karatasi pia ina nyuzi: ukizifuata inachanika karibu nyoofu, ukizikatiza inakwenda inakotaka yenyewe.

Gazeti hugeuka manjano upesi kwa sababu ya lignini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, kwa hiyo usilitegemee kwa weupe. Gundi ipake nyembamba, kandamiza kutoka katikati kwenda nje, kisha weka chini ya vitabu vizito usiku mzima, la sivyo karatasi itajikunja.

Kazi iliyoharibika usiitupe. Mchoraji Mmarekani Lee Krasner alichanachana michoro yake mwenyewe aliyoichukia, akaiacha sakafuni. Aliporudi aliona mabaki yanavutia kuliko michoro, na kolaji zilizotokana na hayo alizionyesha New York mwaka 1955. Nami ile ya jicho niliichana. Kahawia yake ndiyo sasa kipande kinachotawala katika kazi ninayoipenda kuliko zote, na yule mama yumo humohumo, amelala kifudifudi chini ya karatasi mbili.