Kigoma hadi Mtwara kwa ndege: ni saa ngapi hasa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Mama yangu mdogo anaishi Kigoma na anatarajiwa Mtwara kwenye harusi ya mwanawe, lakini miguu yake haistahimili tena safari ya basi. Kikokotoo kimoja cha mtandaoni kimenionyesha kwamba viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili vimeachana kwa kilomita 1,307, na kwamba safari huchukua saa mbili. Kila tiketi niliyoiona inapitia hapa Dar es Salaam na inamaliza karibu siku nzima. Niamini kipi?

JIBU: Umbali huo ni sahihi. Kikokotoo huchukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, kikapima mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, bila kujali kama kuna ndege inayoufuata. Saa mbili ndizo zenye walakini, kwa kuwa vikokotoo vingi hugawanya umbali kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, yaani zaidi ya kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza kama nusu saa ya kupaa na kutua. Ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8-400, ambayo abiria wa safari za ndani wanaifahamu vyema, huenda kwa takriban kilomita 650 kwa saa ikiwa angani, hivyo hata kama ingenyoosha moja kwa moja ingehitaji saa mbili na robo au zaidi kidogo.

Upepo nao huhesabika, ingawa kwetu hauna makali kama kwingineko. Kati ya Santiago, mji mkuu wa Chile, na Kisiwa cha Pasaka kilichoko magharibi yake katika Bahari ya Pasifiki, umbali wa kilomita zipatazo 3,750 juu ya bahari tupu, ndege inayokwenda kisiwani hukabiliana na pepo kali zinazovuma kutoka magharibi na hutumia muda mrefu zaidi kuliko inayorudi. Kikokotoo hutoa jibu moja kwa pande zote mbili.

Sasa tuje kwenye safari ya mama yako mdogo. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,080 hivi, na kutoka hapa hadi Mtwara ni kama 400. Jumla ni karibu 1,480. Mzunguko huo unaozidisha kilomita 170 tu ungemgharimu kama robo saa angani, jambo ambalo wengi hawalitarajii wanapoitazama ramani. Kinachoila siku ni kushuka, kusubiri na kupanda tena katika kiwanja cha Julius Nyerere, na pengine kutua kwanza Tabora ikiwa ratiba ya siku hiyo imepangwa hivyo.

Kwa hiyo usilinganishe kilomita, linganisha muda wa kusubiri. Ningekushauri ununue safari zote mbili katika tiketi moja, ili ndege ya Kigoma ikichelewa shirika liwe na wajibu wa kumpangia nyingine, na uombe mapema huduma ya kiti cha magurudumu, ambayo huandikwa kwenye nafasi yake wakati wa kukata tiketi. Ikiwa pengo kati ya ndege hizo mbili linazidi saa tano, mpokee uwanjani umpeleke nyumbani akapumzike.