Muulize Fundi: "Nimealikwa kwenye mtandao ambao bado unajaribiwa"

SWALI: Shikamoo mjomba Fundi. Mimi nauza dagaa na mawese hapa Kibirizi, Kigoma. Wateja wangu wengi wako Dodoma na Dar, wananijua kwa namba na kwa picha ninazoposti kila dagaa wakianikwa. Mtoto wa dada yangu anasoma Dar, amenitumia kodi ya mwaliko ya mtandao mpya wa kijamii. Anasema bado uko kwenye majaribio, watu hawajafika hata elfu mbili, na walioingia sasa ndio watakaokuwa wakubwa baadaye. Anataka nihamishe biashara yote huko kabla wenzangu hawajashtuka. Nimejaribu kuufungua. Mara ya kwanza uliganda, mara ya pili ukaniomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo kwenye simu. Nikauzima. Nina majina 1,140, mengine ya wateja wa Bujumbura na Kalemie. Je, nimefanya ushamba? Kodi yenyewe naiambatanisha uione.
Mama Dagaa, Kibirizi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujafanya ushamba hata kidogo, na hapo kwenye majina umewazidi akili vijana wengi wanaonitembelea kibandani. (Kwa wazee wenzangu: kodi inayosemwa hapa si ya TRA wala ya nyumba. Ni herufi na tarakimu chache unazopewa ili mlango ufunguke.)

Kodi uliyoiambatanisha nimeitumia mimi, unisamehe. Ninavyofanya kwa simu ya mteja ndivyo nilivyofanya kwa mtandao wako: nilifungua kwanza, maneno baadaye. Nina simu moja ya droo, kioo kimepasuka kona ya juu, haina laini wala jina la mtu hata mmoja. Nikajisajili kwa barua pepe. Ukaganda palepale pa kuweka picha, kama ulivyosema. Nikazima, nikawasha, nikaandika: "Habari za asubuhi kutoka Tabora, Isevya kumenyesha." Nikarudi kwenye kazi yangu, nilikuwa nabadilisha tundu la chaji la simu ya mama mmoja. Saa mbili baadaye nikakuta jibu moja tu. La nani? La mwenye mtandao. Anauliza kama picha zinafunguka vizuri kwenye simu za zamani. Nikamwambia hazifunguki, na nikamwambia ni simu gani. Siku ya tatu likaja toleo jipya, na picha ikaingia bila kuganda.

Hiyo ndiyo faida ya kuwahi, mwanangu, na kwangu mimi inatosha kabisa kumpa mtu sababu ya kuchungulia. Kwenye mitandao mikubwa tunalalamika mpaka koo linakauka na hakuna anayegeuka. Huku mwenye mali anakuuliza mwenyewe. Ukimwambia kwamba muuza dagaa anahitaji sehemu ya kuandika bei kwa kilo, huenda akaiweka. Faida nyingine ni jina. Chukua jina la biashara yako leo, kabla mwingine hajalichukua akaanza kuuza dagaa wenye mchanga kwa sifa zako.

Lakini kuhamisha biashara yote? Hapo simuungi mkono mtoto wa dada yako.

Unajua gulio jipya linavyoanza. Uwanja umefyekwa, siku ya kwanza wanakuja wauzaji thelathini na wanunuzi saba. Aliyewahi anachagua pa kukaa, karibu na njia, chini ya mti. Ila siku hiyo hapeleki gunia. Anapeleka mafungu matatu, gunia linabaki pale wanaponunua.

Na hayo ya "watakaokuwa wakubwa baadaye" ni maneno ya dalali. Google, pamoja na fedha zote walizonazo, walifungua mtandao wao wa kijamii wa Google+ mwezi Juni 2011, na kufika Aprili 2019 wameshaifungia watu wa kawaida. Threads ilipata watu milioni 100 ndani ya siku tano mwezi Julai 2023, lakini hao hawakutoka hewani, walikuwa tayari wako Instagram, nyumba ya mwenye Threads huyohuyo. Wanaoanza bila ndugu tajiri huenda polepole. Bluesky walianza kuingiza watu kwa kodi za mwaliko Februari 2023, mlango wakaufungua kwa kila mtu Februari 2024. Ujumbe wa faragha ukaja Mei mwaka huohuo, video Septemba. Sasa jifikirie wewe uko huko mwaka 2023: mteja anataka apunguziwe bei, na hakuna pa kunong'onezana. Mtapatana hadharani, na wengine wote watataka bei hiyohiyo.

Mimi mwenyewe nimeungua. Miaka michache iliyopita niliingia mtandao mmoja mchanga, jina nalibakiza moyoni. Nikawa naweka picha za simu ninazofungua: hapa kutu, hapa waya umekatika, hapa mtu alianika simu juani baada ya kuidumbukiza kwenye ndoo. Watu wakapenda. Nilifikisha picha 212. Kumbukumbu ya simu ilipojaa nikazifuta kwenye simu, nikijua ziko kule. Jumamosi moja programu ikadai kusasishwa, nikasasisha, ikafunguka nyeupe pe. Juu kabisa pameandikwa kwamba wamebadilisha mfumo na wote tunaanza upya. Hawakudanganya, walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba ni majaribio. Za simu mbovu sikuzililia. Nililia moja, ya kibanda changu cha kwanza chini ya mwembe, kabla mwembe haujakatwa kupisha barabara. Hakuna mwingine aliyewahi kuupiga picha mwembe ule.

Kwa hiyo, picha za dagaa ziposti huko, ila asili ibaki kwenye simu au kadi ya kumbukumbu. Na siku hiyohiyo ya kwanza, kabla hujaweka chochote cha maana, nenda kwenye mipangilio utafute kitufe cha kufuta akaunti. Usikifinye, kione tu. Apple tangu Juni 2022 wanailazimisha programu yoyote inayosajili watu iwe nacho ndani yake, na Google nao wakafuata na sharti kama hilo. Usipokiona, mwandikie mwenye mtandao umuulize. Atakavyojibu ndivyo utakavyomjua.

Sasa majina. Watu husema "si majina yangu bwana, sina cha kuficha". Yako ni moja tu, mwanangu. Hayo 1,139 ni ya watu waliokupa namba ili wapate dagaa, wengine wako ng'ambo ya ziwa na wana sababu zao za kutotaka kujulikana wanaongea na nani. Mwaka 2020 na 2021 Clubhouse, mtandao wa kuongea kwa sauti, ilipovuma kwa mwaliko, mtu akitaka kuwaalika wenzake alidaiwa kwanza afungue kitabu chake chote cha majina, na ikalalamikiwa sana Ulaya. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Lakini sheria haiwezi kuyarudisha majina kwenye simu yako yakishasafiri. Bonyeza "usiruhusu", kisha uone kama programu bado inafanya kazi. Niliyoijaribu mimi ilifanya. Ingegoma, ningekuambia uiondoe siku hiyohiyo.

Kuna ruhusa moja mbaya kuliko hiyo: kusoma SMS. Mtandao wa kuposti picha hauna kazi na ujumbe wako wa miamala. Na kama mtoto alikutumia faili la kusakinisha kwa WhatsApp badala ya kukuelekeza kwenye duka la programu, futa faili hilo, hata kama mtumaji ni damu yako. Yeye naye katumiwa.

Nimalize na daftari. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, kuna dada hapa soko kuu Tabora alikosa dagaa kama wenzake wote. Alikuwa na daftari la shule, kava ya bluu, kila mteja na namba yake na kiasi anachonunua. Akawapigia mmoja mmoja akiwauzia asali ya Sikonge. Wenzake walikuwa na wafuasi wengi tu, ila wafuasi hao wanapatikana kule mtandaoni, na anayeamua waone nini ni mwenye mtandao. Nunua daftari, mama. Kisha ingia huko kwenye majaribio ukiwa na mafungu yako matatu.

SWALI: Fundi, mambo. Nasoma hapa Tabora na ninatengeneza programu ya mtandao wa kijamii, ya kwetu, ya Kiswahili, ina MB 140. Ninaomba watu wajiunge wanijaribie, wanasema sawa, halafu hawafungui. Nakosea wapi?
Kijana wa Cheyo

JIBU: Poa, ingawa mjomba wako huamkiwa shikamoo.

Najua kinachokukimbiza. Mtengeneza programu mwenye akaunti mpya ya binafsi kwa Google hawezi siku hizi kuweka programu yake hadharani kwenye duka lao mpaka watu 12 waijaribu siku 14 mfululizo. Sharti lilipoanza mwishoni mwa 2023 walitaka 20, wakapunguza. Wavulana watatu wameshanijia kibandani kuniomba niwe mmoja wa hao 12, na wote waliniambia "jiunge". Nijiunge na nani, wakati ndani hamna mtu? Aliyenipata ni yule aliyesema, "Fundi, chukua simu mbovu kuliko zote ulizonazo, weka picha kumi, unipigie itakapoganda." Iliganda kwenye ya nne.

Nipe kazi, kijana. Na uchague watu ambao tayari wana jambo la kusemezana. Facebook ya Februari 2004 ilikuwa ya wanafunzi wa Harvard peke yao, watu wa nje wote waliruhusiwa Septemba 2006. Wewe una mabweni mangapi hapo chuoni? Una wafugaji wangapi wa nyuki Urambo na Sikonge wanaotaka kujua nani ana mizinga na nani ana bei? Anza na mojawapo. Kiswahili peke yake hakitoshi, Kiswahili tunaongea kila mahali.

Halafu uzito. Umeniandikia kwamba programu ni MB 140. Nani atapakua hiyo kwa bando la siku? Punguza picha ulizozibebesha humo ndani, kisha tuongee. Na ukiwa na rafiki mwenye iPhone anayejaribu kupitia TestFlight, programu ya Apple ya kujaribia programu ambazo hazijatoka, mwambie kila toleo lina siku 90 tu, likigoma kufunguka asikimbilie kwangu akidhani simu imekufa. Yupo aliyenijia hivyo. Sikumtoza, ila nilimcheka.

Weka pia onyo la wazi kwamba vitu vinaweza kupotea, kwa maandishi makubwa, mlangoni. Kisa cha mwembe wangu umekisoma hapo juu.

SWALI: Bwana Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, Ujiji. Kuna kijana anauza kodi za mwaliko za mtandao mpya kwa shilingi 10,000. Anasema baadaye zitafika 50,000. Ninunue?
Mwalimu, Ujiji

JIBU: Shikamoo mwalimu. Usinunue. Kodi hizo hutolewa bure na wenye mtandao kwa walio ndani. Hata za Bluesky mwaka 2023 walijitokeza watu wa kuzipiga mnada mtandaoni, na Februari iliyofuata mlango ukawa wazi kwa wote, walionunua wakabaki na risiti. Tena huyo kijana akikupa kodi iliyokwisha kutumika, utamdai wapi?

Kama ni huohuo wa Mama Dagaa, mimi nilipojisajili nilipewa kodi tatu za kualika wengine. Moja nimempa fundi mwenzangu. Zimebaki mbili, na moja nimekuwekea wewe. Ukipita Tabora na treni teremka unione, ila uje na simu yenye chaji.