Upepo wa tairi: shika namba ya mlangoni, siyo ya ubavuni

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Gari letu ni la familia, la viti saba. Linapeleka watoto shule, linakwenda sokoni, na mara chache kwa mwaka tunasafiri nalo mbali. Kwa wiki kadhaa taa ya manjano yenye alama ya tairi ilikuwa inawaka asubuhi, nikitembea kidogo inazima. Nikaambiwa sensa, kile kifaa kinachohisi upepo wa tairi, imechoka. Juzi mume wangu alipita kujaza upepo, wakamjazia 44 matairi yote kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa kwenye tairi. Taa imezima kweli, lakini sasa gari linaruka kwenye kila tuta na usukani umekuwa mwepesi mno. Mlangoni kuna stika imeandikwa 33 mbele na nyuma, halafu pembeni yake 33 mbele na 38 nyuma. Tushike ipi? Na tairi la nyuma kushoto linawahi kupungua kuliko mengine. Wiki ijayo tunasafiri wote saba na mizigo. Mama wa watano.

JIBU: Njema, dada, na asante kwa kueleza kwa kina, maana umenirahisishia kazi. Nianze na la haraka: kesho asubuhi, kabla gari halijatoka lilipolala, punguza matairi yote manne hadi 33. Msisafiri na 44. Hayo mengine tuyaongee taratibu.

Namba iliyo ubavuni mwa tairi, ile inayofuatana na neno MAX, ni mpaka ambao tairi lenyewe halitakiwi kuvuka. Aliyetengeneza tairi hajui litafungwa kwenye gari gani. Tairi lile lile linaweza kwenda kwenye gari dogo jepesi au kwenye gari la familia kama lenu, na ubavuni litabeba namba ile ile. Aliyetengeneza gari ndiye anayejua uzito wake mbele na nyuma, ndiye aliyelijaribu kwenye breki na kwenye kona, kisha akabandika stika mlangoni. Kwa hiyo upepo sahihi ni wa gari, siyo wa tairi. Makosa haya nayaona kila wiki, na mara nyingi anayeyafanya ni mtu mwenye nia njema kabisa ambaye amesoma namba iliyo karibu na macho yake.

Kwenye 44 tairi lako limetuna katikati. Sehemu inayogusa barabara, ambayo hata likiwa sawa ni kama ukubwa wa kiganja tu, imepungua zaidi. Ndiyo maana usukani ni mwepesi. Gari linaruka kwa sababu tairi gumu halimezi tuta, linalirudisha kwenye springi na kwenye viti. Likikutana na shimo kwa kasi, nyuzi za ndani ya ubavu hukatika kirahisi zaidi. Mkiendelea hivyo miezi kadhaa mtaona meno ya katikati yamelika huku ya pembeni yakiwa bado mapya.

Stika kwa kawaida iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mahali mlango unapofungia. Magari mengine wameiweka ndani ya kifuniko cha kujazia mafuta, na kitabu cha gari huwa nayo pia. Namba zenu ni za psi, kipimo cha presha ya upepo. Ukikuta vipimo vingine usibabaike: psi 33 ni sawa na baa 2.3, ni sawa na kPa 230. Ile 38 ni kPa 260. Hakikisha pia saizi ya tairi iliyoandikwa kwenye stika ndiyo iliyo kwenye gari. Kama mmeshabadilisha saizi, namba za stika haziwahusu moja kwa moja, na mtu wa matairi atafute upepo wake kwenye jedwali la mizigo la tairi hilo.

Sasa mbona nyuma kuna namba mbili? Gari halibebwi na mpira, linabebwa na upepo uliofungiwa ndani ya mpira. Ukiongeza watu watatu siti ya mwisho na mabegi kwenye buti, uzito mwingi unaangukia ekseli ya nyuma, na upepo ule ule wa 33 unalazimika kubeba zaidi. Tairi linabonyea, ubavu unajikunja na kujikunjua kila linapozunguka. Safu ya kwanza ni ya siku za kawaida, wewe na watoto wawili watatu. Ya pili ni ya gari lililojaa, na safari yenu ya wiki ijayo ndiyo hasa iliyokusudiwa. Mbele acheni 33, nyuma wekeni 38.

Huku kujikunja ndiko ninakokuogopa kuliko upepo mwingi. Niliwahi kuletewa tairi lililopasuka gari likiwa limejaa abiria. Kwa nje meno yake yalikuwa mazuri, mwenyewe alikuwa anashangaa. Nilipolitoa kwenye rimu, ndani ulimwagika unga mweusi, laini kama kahawa iliyosagwa, na ubavuni kulikuwa na mstari uliochubuka ukizunguka tairi zima. Ule unga ni mpira wa ndani uliosagika wenyewe kwa wenyewe kwa kutembea na upepo mdogo. Tairi lilikuwa limekufa siku nyingi kabla ya kupasuka. Ukiona fundi amelitoa tairi na ndani kuna unga wa namna hiyo, usikubali alirudishe hata kama ameziba pancha vizuri.

Na jicho halitakusaidia. Matairi ya siku hizi ni ya aina ya radial, nyuzi zake zimepita moja kwa moja kutoka ubavu huu hadi ule, na kwa asili huwa yamebonyea kidogo chini hata yakiwa na upepo kamili. Tairi lenye 33 na lenye 25 yanaweza kukaa bega kwa bega usiyatofautishe. Kulipiga teke ndiyo kabisa halikuambii kitu.

Hapo tunarudi kwenye taa yako. Simwamini aliyesema sensa imechoka. Mifumo mingi imepangwa kuwasha taa upepo ukipungua kwa robo hivi chini ya kipimo cha stika. Robo ya 33 ni kama 8, maana yake taa inawaka ukiwa umeshashuka hadi 25. Upepo husinyaa ukipoa na hutanuka ukipata joto, na kwa kila nyuzi 10 za selsiasi presha inabadilika kwa psi 1.5 hadi 2. Kwa hiyo matairi yako yalikuwa yanaelea pale pale mpakani. Alfajiri ya baridi yanashuka chini ya mstari, taa inawaka. Ukitembea yanapata moto, yanapanda kidogo, taa inazima. Sensa ilikuwa inasema kweli kila asubuhi. Sensa au mfumo ukiwa mbovu, kwenye magari mengi taa hupepesa kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha ndipo inatulia ikiwaka.

Taa hiyo haikuja bure. Mwaka 2000 nchini Marekani matairi ya Firestone yapatayo milioni 6.5 yalirudishwa baada ya kuwa yanachanika barabarani na magari kupinduka, wengi mno wakafa. Suala la upepo mdogo na joto la tairi likawa katikati ya mjadala, na Bunge lao likapitisha sheria mwaka huo huo iliyozaa ulazima wa taa hii kwenye magari mapya. Umoja wa Ulaya nao uliilazimisha kwa kila gari jipya la abiria kuanzia Novemba 2014. Nasema hivi ili usiione kama kero ya dashibodi. Ila usiitegemee kama geji, yaani kipimo cha upepo. Magari mengine hayana hata sensa ndani ya tairi, yanalinganisha tu mzunguko wa magurudumu kupitia mfumo wa breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasijifunge), na kama matairi yote manne yamepungua pamoja taratibu, gari linaweza lisigundue. Aina hiyo inabidi uiweke upya kila baada ya kujaza. Kitabu cha gari kitakuonyesha kitufe.

Kupima ndiko kunakokosewa kuliko yote. Namba ya stika ni ya tairi lililopoa: gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea kilomita moja tu taratibu. Tairi likikimbia kwenye lami, presha hupanda psi 4 hadi 6 bila mtu kuongeza chochote. Kuna madereva husimama katikati ya safari, wakipima wakakuta 38 badala ya 33, wanapunguza. Dada, hilo msilifanye hata siku moja. Wakilala wakaamka, tairi lile lina 28 au 29, na wao wanaondoka nalo wakiamini wamerekebisha. Ikiwa umekuta tairi la moto liko chini ya namba ya stika, hapo halina ubishi, limepungua. Jaza hadi psi 4 hivi juu ya namba ya stika, ufike, ukalipime upya asubuhi likiwa limepoa.

Nunua geji yako mwenyewe, iwe ya mshale au ya dijitali. Geji za mpira wa kompresa huangushwa chini kutwa nzima, na mbili zilizo jirani hutofautiana psi kadhaa. Hata geji yako ikikosea kidogo, itakosea vile vile kila siku, na utayajua mabadiliko. Fungua kifuniko cha valvu, bandika geji wima na ukaze mkono kwa mara moja. Ukisikia "sss" ndefu, haijakaa sawa na inatoa upepo badala ya kuupima, rudia. Ikishakaa ule mlio unakatika ghafla, hapo ndipo unasoma. Dakika tano zinatosha matairi yote. Mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Tairi zima lisilo na tobo lolote bado hupoteza psi 1 hivi kwa mwezi kwa kupenya kwenye mpira wenyewe, ndiyo maana wanaosema "yangu hayana pancha" wakakaa miezi sita hushtuka.

Tairi la nyuma kushoto ni habari nyingine, hilo linavuja. Kabla ya kulipeleka popote, likague mwenyewe. Lijaze, toa kifuniko cha valvu, weka tone la mate au maji ya sabuni mdomoni mwa valvu na usubiri. Povu likivimba polepole kama jicho la chura, pini ya ndani ya valvu imechoka, na hiyo hubadilishwa kwa muda mfupi. Ipinde valvu kidogo pembeni pia, maana mpira wake ukizeeka hupasuka kwenye shina. Kama hapo pakavu, mwagia maji ya sabuni kwenye meno, uzungushe gari taratibu utafute msumari, kisha pale mpira unapokutana na rimu. Rimu yenye kutu au iliyogonga shimo huvujisha pale. Tobo la kwenye meno linazibika, lakini lizibwe kwa ndani baada ya tairi kutolewa na kukaguliwa, isiwe kuchomekwa uzi kwa nje peke yake. Tobo la ubavuni halizibiki. Hapo nunueni tairi. Vyovyote iwavyo, limalizeni hilo kabla ya safari, msiende kujazajaza njiani.

Kuhusu nitrojeni, najua mtaulizwa. Hewa ya kawaida ina nitrojeni asilimia 78 tayari. Ukiipata bila gharama hewala, haina madhara. Lakini haiondoi haja ya kupima, na ukiwa nayo upepo ukipungua ongeza hewa ya kawaida bila wasiwasi.

Msisahau la akiba. Kama ni tairi kamili, liwekeni namba ya juu kabisa ya stika, kwenu 38, kwa sababu hamjui litaingia mbele au nyuma, na kupunguza njiani ni rahisi kuliko kuongeza. Kama ni lile jembamba la muda, mara nyingi linataka 60, kPa 420, imeandikwa ubavuni mwake, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Hili ndilo tairi pekee nitakalokuambia usome ubavu.

Basi mfanye hivi. Kesho asubuhi 33 yote, mtembee nayo siku chache huku la kushoto likishughulikiwa. Siku ya safari, alfajiri kabla ya kuwasha, ongezeni ya nyuma hadi 38 na kifuniko kirudi kwenye kila valvu, maana ndicho kinachozuia mchanga kuingia kwenye pini. Mkisharudi na kushusha mizigo, subirini gari lipoe usiku kucha, ndipo nyuma irudi 33.