Bima yangu ilifutwa au ilibadilishwa jina?

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mimi nakaa Likoni, Mombasa, napika mahamri na mbaazi alfajiri. Mume wangu ni kibarua bandarini, leo apata, kesho hapati. Tulikuwa tukilipa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, shilingi mia tano kila mwezi tangu 2015, na kadi ilinifaa sana nilipojifungua kwa upasuaji. Kisha tukaambiwa NHIF haipo tena, tujiandikishe SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii. Nikajiandikisha, nikaulizwa habari za paa, choo na maji, mwisho nikaambiwa nilipe 6,600 ya mwaka mzima. Sijazipata hadi leo. Barazani kwa mume wangu hawaelewani: kuna wasemao serikali imetufutia bima, na kuna wasemao ni jina tu lililobadilika. Mdogo wangu aliye Columbus, Marekani, asema hata wao yaliwafika enzi za Obama. Je, bima yangu ilifutwa? Pesa zetu za miaka yote zimekwenda wapi? Na mama yangu, ambaye kaka yetu alimkatia bima ya kampuni ya binafsi, ameletewa barua kwamba mwaka huu hawataihuisha. Hilo nalo ni la sheria hii?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Ilifutwa. Naanza na jibu lenyewe kwa sababu wanaokwambia ni jina tu wanakuficha jambo la maana. NHIF ilianzishwa 1966, ikapata sheria mpya 1998, na sheria hiyo ndiyo iliyofutwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, ambayo Rais William Ruto aliitia saini tarehe 19 Oktoba mwaka huo. Kesi zikafuata. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo yakiuka Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo Septemba, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Kadi yako ya NHIF iliishiwa nguvu hapo. Kilichokuja kina chombo chake, kina hesabu yake ya mchango, na, kubwa kuliko yote kwa mtu kama wewe, kina wakati wake wa kulipa.

Sisi tulio katika kazi ya bima hutenganisha mambo matatu ambayo mtaani yote huitwa kufutiwa. Kuna kampuni kuvunja mkataba katikati ya mwaka, labda kwa sababu malipo yalikatika au maradhi yalifichwa. Kuna mkataba kufika siku yake ya mwisho na kampuni kukataa kuuhuisha. Na kuna Bunge kuondoa mfuko wenyewe pamoja na wote waliokuwamo, aliyelipa vyema na aliyelipa kwa kurukaruka. Lako ni hili la tatu. La mama yako ni la pili, nitalifikia. La Columbus lilikuwa la namna nyingine, na nataka nilieleze kwa sababu limekuwa silaha mabarazani bila ya kueleweka.

Sheria ya bima ya afya ya Obama ilitiwa saini tarehe 23 Machi 2010. Katika kuipigia debe aliahidi tena na tena kwamba anayeipenda bima yake ataendelea nayo. Sheria ilikuwa na mlango wa ahadi hiyo: bima iliyokuwapo siku ile ya saini, na ambayo kampuni haikuibadilisha sana baadaye, iliruhusiwa kuendelea. Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Kampuni ikipunguza mafao, au ikimwongezea mgonjwa sehemu anayolipa mwenyewe kupita kiwango, bima hiyo ilipoteza ruhusa. Na bima mpya za kuanzia Januari 2014 zilitakiwa ziwe na mafungu kumi ya mafao, uzazi, dawa na afya ya akili yakiwamo. Bima nyingi ambazo watu walijinunulia wenyewe hazikufika hapo. Kwa hiyo mwishoni mwa 2013 barua za kufutwa zikamiminika. Tarehe 7 Novemba Obama aliomba radhi kwenye televisheni, na wiki moja baadaye akaziruhusu kampuni kuziongezea bima hizo muda, pale ambapo jimbo lilikubali.

Angalia tofauti. Kule aliyeandika barua ni kampuni, kwa sababu ya kipimo kilichowekwa na sheria, na mwenye bima alikuwa na haki ya kununua nyingine hata kama ana kisukari au saratani, maana sheria ileile ilikataza kampuni kumkataa mtu kwa maradhi aliyo nayo. Wengi walilipa zaidi, wengine wakapata ruzuku wakalipa kidogo. Kilichowauma hata waliopata nafuu ni kwamba waliahidiwa kitu kingine. Ahadi ya watu milioni mamia ilibanwa katika sentensi moja ya jukwaani, na sentensi haikutosha. Hata tarehe zimegongana: mtandao wao wa kununua bima ulifunguliwa 1 Oktoba 2013 ukakwama siku za mwanzo, na wetu ulianza 1 Oktoba 2024 wagonjwa wakakaa hospitalini wakingoja mtambo wa kompyuta wa SHA ukubali majina yao.

Hapa kwetu ahadi ilikuwa kwamba mnyonge atalipa kidogo na tajiri atalipa zaidi. Kwa mwenye mshahara, hesabu imetimia. Aliyepata 20,000 alikatwa 750 na NHIF. Sasa akatwa asilimia 2.75, yaani 550. Wa 100,000 alikatwa 1,700, ambacho kilikuwa kilele hata kwa anayelipwa nusu milioni. Sasa akatwa 2,750, na kilele hakipo tena, kwa hiyo wa nusu milioni atoa 13,750. Ndiyo maana mjadala wa wanasiasa umejaa kelele za hati ya mshahara. Wenye mishahara wana vyama, wana mawakili, na makato yao huyaona kila mwisho wa mwezi. Binafsi naona asilimia ni njia ya haki kuliko zile ngazi za zamani. Nasema hivi nikijua baadhi ya wateja wangu wa Nyali, mtaa wa wenye nacho, hawatafurahi.

Lakini wewe huna hati ya mshahara, na hapa ndipo moyo wangu unaponiuma. Chukua 6,600 uliyotajiwa, ugawanye kwa miezi 12: ni 550. Hiyo ni asilimia 2.75 ya 20,000. Maana yake mtambo umesikia habari za paa lako, choo chako na maji yako, ukakadiria kwamba nyumba yenu yaingiza shilingi 20,000 kwa mwezi. Sasa linganisha na zamani: mia tano mara kumi na mbili ni 6,000. Tofauti ni shilingi 600 kwa mwaka mzima, hamsini kwa mwezi. Kama ungeambiwa uendelee kutoa kila mwezi, ungetoa 550 kama ulivyokuwa ukitoa 500, na leo ungekuwa na bima. Ulichokatazwa ni kulipa kidogo kidogo. Mwenye mshahara wa 20,000 alipa 550 mwisho wa mwezi na anatibiwa. Wewe uliyekadiriwa mapato ya 20,000 hizohizo watakiwa utoe 6,600 zote mbele. Fedha ni zile zile, mfuko ni ule ule, ila mmoja amepewa mwaka na mwingine amepewa siku moja.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja, na sitaificha. Enzi za NHIF wengi wasio na ajira walilipa walipougua tu, mama akaribia kujifungua au mzee akilazwa, kisha wakaacha. Mfuko wa namna hiyo haudumu, kwa sababu waliomo ni wagonjwa watupu. NHIF yenyewe iliacha deni la zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa hospitali. Kulipisha mwaka mzima ni njia ya kuziba tundu hilo. Lakini imemziba na asiyehusika. Ninaye mteja, mzee wa mashua, aliyelipa NHIF kila mwezi bila ya kuruka hata mmoja; leo hana kitu, na hakuwahi kuwa mkorofi wa mfuko. Kwa mtu ambaye riziki yake ni ya kila siku, unga wa kesho unanunuliwa na mauzo ya leo, na elfu sita hazilali nyumbani zikingoja mwezi wa kulipia.

Na lile kadirio lenyewe, dada, usilikubali kimya kama silo. Hapa Mombasa watu hukaa katika nyumba za urithi, kuta za mawe alizojenga babu, na ndani hamna hata mmoja mwenye kazi ya kudumu. Wengine wana nyumba bila ardhi: kuta ni zako, ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya kukalia. Paa haliwezi kuyasema hayo. Nenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road, au ofisi ya SHA, ueleze mapato ya mahamri na siku za kazi za mume wako kama zilivyo, uombe tathmini irejelewe. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Huenda hamfiki huko chini, lakini kati ya 3,600 na 6,600 pana nafasi ya kuongea.

Kuna pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliotangazwa 2025. Unakuwezesha kulipiwa mchango wa mwaka, kisha uurejeshe kidogo kidogo. Ni wa manufaa, na kwa hali yako ningeufikiria. Ila ujue unachokubali: ni mkopo, na mkopo una masharti yake. Uliza urejeshaji ni wa siku, wiki au mwezi, uliza jumla utakayorejesha ni shilingi ngapi, na uliza itakuwaje mume akikosa kazi mwezi mzima. Ukijibiwa, andika.

Wakati ukiyahangaikia hayo, msikae nyumbani na homa. Umeshasajiliwa, na kwa zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, kusajiliwa kwatosha. Matibabu ya huko hulipwa na mfuko mwingine wa kodi, wala hayangoji mchango wako. Mchango unahitajika kuanzia ngazi ya 4 kwenda juu, na ukipelekwa Hospitali Kuu ya Pwani kulazwa, hapo ndipo 6,600 itakapoulizwa. Ikiwa ni dharura, Katiba kifungu cha 43 yasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mtu wa dirishani akianza na habari za malipo mgonjwa akiwa hana fahamu, mtajie kifungu hicho.

Umeuliza pesa za miaka yote zimekwenda wapi. Swali hili huulizwa kwa hasira, na nalielewa. Zilitibu watu. Bima ya afya haiwekwi kama akiba ya uzeeni iliyo na jina lako. Iko kama vile vyama vyetu vya msiba mtaani: kila mwezi unatoa, mwaka huu maiti ikitoka nyumba ya jirani, sanda na jeneza vinatoka humo, na hakuna adaiye arudishiwe michango yake kwa kuwa kwake hakufa mtu. Upasuaji wako wa uzazi ulilipwa na mia tano za watu ambao hawakuugua mwaka ule. Palipo na haki ya kuhoji ni kama zote zilitibu, na zile ambazo hazikutibu zilikwenda wapi. Hayo ni ya wakaguzi na Bunge, na wabunge wetu wa Pwani mna haki ya kuwauliza.

Sasa mama. Barua yake haihusiani na sheria ya 2023. Bima za kampuni binafsi ni mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na ukifika mwisho kampuni yaweza kukataa kuendelea, mara nyingi kwa umri au kwa gharama za maradhi ya muda mrefu. Mwambie kaka yenu asome tarehe kwenye barua: hadi siku ile bima ipo. Aandike kuomba sababu kwa maandishi, na aombe orodha ya madai yaliyolipwa, kwa sababu kampuni nyingine itayataka kabla ya kumpokea. Akiona amedhulumiwa, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Nawaonya lakini: akihamia kampuni nyingine, maradhi aliyo nayo kwa kawaida huwekewa muda wa kungoja, na kwa mzee wa pressure huo ndio muda wenyewe wa hatari.

Kwa hiyo msimwache mama avuke tarehe ile akiwa mikono mitupu. SHA haina umri wa kumkataa mtu, wala haimuulizi aliugua lini. Ila mama hahesabiwi chini ya jina lako; familia katika SHA ni mume, mke na watoto, na mzazi husajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Piga *147# leo jioni ukiwa naye karibu. Kaka yenu alikuwa akilipa bima ya kampuni, na huenda hizo ni zaidi ya mchango wa SHA wa mwaka. Aanze kwa kumlipia mama huo, kabla ya barua ile kufika mwisho.