Sala, Daftari na Mkopo wa Mjane

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Kayole, Nairobi, kilichoanzishwa na waumini wa kanisa letu. Mwenyekiti huomba kabla ya kikao, kisha huidhinisha mkopo kwa kusema kwamba moyo wake umepata amani. Mweka hazina, ambaye ni kijana, hasikii lolote nje ya jedwali la kompyuta yake, na juma lililopita alimnyima mkopo mama mjane kwa kuwa aliwahi kuchelewesha marejesho ya miezi miwili. Tumfuate nani?

JIBU: Ndugu Katibu, sioni hapo ugomvi wa imani na hesabu. Biblia mnayoisoma ina kitabu kizima kiitwacho Hesabu, na Luka 14:28 inamtaka anayejenga mnara aketi kwanza apige hesabu ya gharama. Kwa jirani zenu Waislamu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, 2:282, inaamuru deni la muda liandikwe. Kwa hiyo mwenyekiti anayeomba huku daftari limefungwa anaruka sehemu ya imani yenyewe. (Uniwie radhi, lakini nashuku amani hiyo huja upesi zaidi mwombaji akiwa jamaa.)

Kijana naye amesoma nusu. Fungueni ukurasa wa mama huyo mtazame miezi miwili hiyo ni ipi. Ikiwa ndiyo aliyokuwa akimuuguza marehemu, na kabla na baada yake alilipa bila kukumbushwa, basi jedwali halikusema uongo, ila halikuwa na safu ya sababu. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyeamini kwamba Mungu alimwita mwaka 1837, alichambua vifo vya askari wa Uingereza katika Vita vya Crimea kwa kuvipanga kufuatana na chanzo, ndipo ikaonekana wazi kwamba maradhi yaliua wengi kuliko majeraha.

Katika kikao kijacho, rekodi isomwe kwanza pamoja na maelezo ya mwombaji na wadhamini wake, ndipo mwombe. Atakayetaka kwenda kinyume cha rekodi, hata awe mwenyekiti, aandikishe sababu katika kumbukumbu kwa maneno ambayo mwanachama asiyekuwapo ataelewa, maana fedha inayokopeshwa ni akiba yake pia. Mwaka ukiisha, zisomeni sababu hizo kando ya marejesho yaliyofuata. Anzeni na faili la mama huyo.